Kidimbwi Chetu na Mtoto wa Jirani

Je, mtu aliyetengeneza kitu kizuri uani kwake anawajibika kwa mtoto ambaye hakumwalika? Swali hili laweza kuonekana dogo, nasi wenyewe tungalilipita kama lisingalitufikia mlangoni. Tunaliandika hapa kwa ajili ya ndugu wasomaji wenye watoto na wajukuu, na wote wanaokaa ua kwa ua na jirani zao.

Sisi tuliomaliza utumishi wa kufundisha tuna nafasi nyingi. Wajukuu walipokuja kwetu Dodoma wakati wa likizo, walikuwa wakigombania beseni la kufulia ili wachezee maji. Basi tukaamua kuwajengea kidimbwi. Urefu wake ulikuwa meta 2, upana meta 1.5, na kina sentimeta 20 tu. Fundi mwashi alimwaga zege na kupiga plasta. Tukamzuia asipige niru, kwa kuwa sakafu ya niru ikilowa huteleza. Kisha tukapanga vipande vya vigae na vya sahani zilizovunjika, tukivizamisha vizuri katika saruji visije vikakata, hata vikafanya samaki watatu wa rangi ya buluu. Kila aliyepita alikisifu, nasi hatukuchukia kusifiwa.

Kidimbwi cha namna hiyo kikijaa huchukua lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Sisi tulikijaza nusu tu, ndoo 15. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na mtaani kwetu bomba halitoki kila siku. Kwa hiyo tuliona haya kidogo kuyatumia maji kwa mchezo, tukaahidi kwamba kila tone litaishia kwenye mipapai.

Jioni moja ya Ijumaa wajukuu walimaliza kucheza wakaingia ndani. Ilitupasa kuyamwaga maji saa ile ile, lakini tuliona uchungu. Ndoo 15 si haba. Tukasema, yakae mpaka kesho, watoto watayachezea tena, kisha ndipo tutayamwagia mipapai. Tukalala tukijiona watu wenye kujua kuweka akiba.

Asubuhi, mtoto wa jirani, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alipenya katika pengo la ua wetu wa minyaa. Binti mmoja aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyemwona, amelala kifudifudi majini, kimya. Alimnyakua na kumlaza ubavu. Mtoto akakohoa, akatapika maji, akalia. Hatujapata kusikia kilio kitamu kama kile. Hospitali walimwangalia siku nzima, kisha wakamruhusu akiwa mzima.

Jioni ile mama yake alikuja kwetu, akapiga goti, akasema, "Ahsanteni sana, walimu wangu. Mungu awabariki." Nasi tukaitikia, "Amina, mwanetu." Alipokwisha kuondoka ndipo neno lile lilipoanza kutuchoma. Tumeshukuriwa kwa mtoto aliyetolewa katika shimo tulilolichimba sisi, katika maji tuliyoyaacha sisi. Wala aliyemtoa hakuwa sisi. Tena shukrani ile tuliipokea.

Usiku ule tulijitetea, kama wafanyavyo wanadamu. Maji yenyewe yalikuwa haba. Mtoto hakualikwa. Na mzazi ndiye apaswaye kumchunga mwanawe. Yafaa tuyapime maneno haya moja moja, kwa maana kila moja lina ukweli ndani yake.

Maji yalikuwa haba, ni kweli. Lakini mtoto wa umri ule kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za shingo na mikono yake. Akiangukia uso, sentimeta chache zatosha kumuua, wala hapigi kelele. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Uhaba wa maji ni faraja kwa mtu mzima tu.

Hakualikwa, ni kweli pia. Lakini zamani, katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitufundisha kwamba kabla ya kupanga darasa la watoto wadogo, mwalimu achuchumae kwanza, aone kile wanachokiona wao. Asubuhi iliyofuata tulichuchumaa penye pengo la minyaa. Tukawaona wale samaki wa buluu. Tulikuwa tumeandika mwaliko kwa lugha anayoisoma mtoto asiyejua kusoma.

Jambo hili watu wengine walikwisha kulifikiri kabla yetu. Huko Marekani, katika miaka ya 1870, Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtoto wa miaka sita aliyepondwa mguu akichezea chombo cha kugeuzia injini za treni ambacho shirika la reli lilikiacha bila kufuli. Shirika lilisema mtoto hakuwa na ruhusa kuwapo pale. Mahakama haikuliona neno hilo kuwa kinga ya kutosha, maana mtoto hawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu mzima. Na zamani zaidi, Torati ya Musa iliamuru kwamba mwenye kuchimba shimo na kuliacha wazi, akitumbukia ng'ombe au punda, mchimbaji alipe. Haimwulizi ng'ombe kama alikaribishwa. Ikiwa ndivyo kwa ng'ombe, je, kwa mtoto?

Limebaki neno la tatu, kwamba mzazi amchunge mwanawe. Naam, amchunge. Lakini wajibu wa mama haufuti wetu. Mlango wenye komeo mbili haumpi mwenye komeo la kwanza ruhusa ya kuliacha wazi kwa kuwa la pili lipo.

Basi tulikwenda kwa yule mama, tukamwambia, "Mwanetu, juzi ulitushukuru, nasi tulikuwa tumekuja kwako na deni. Kosa ni letu. Tusamehe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Walimu, na mimi nilimwacha nikaenda bombani." Kila mmoja alichukua sehemu yake, na hakuna aliyejaribu kuisukumia kwa mwenziwe. Tangu siku ile tumekuwa jirani zaidi kuliko zamani.

Wako waliotushauri tukifukie kidimbwi, tupande maua. Tuliwaza sana. Lakini ile ile Torati inapozungumza juu ya nyumba mpya haikatazi kujenga dari ambayo watu hupanda juu yake. Inaagiza dari hiyo izungushiwe ukuta mdogo, mtu asije akaanguka. Tena ukuta huo hujengwa pamoja na nyumba, kabla hajaanguka mtu. Furaha ya mtoto ndani ya maji ni jema halisi, na kuliondoa jema ili tusisumbuke kulilinda ni uvivu uliovaa joho la busara.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Tumezungushia uzio wenye mlango, na komeo liko juu, mkono wa mtoto haufiki. Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja huketi kando yao, hapiki wala hasomi gazeti. Mchezo ukiisha, maji hutolewa saa ile ile kwa bomba liendalo mipapaini, na kizibo hakirudishwi, ili hata mvua isikijaze. Kwa njia hiyo mbu nao, ambao yai lao hufikia kuwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili, hawapati makao.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sisi tulijenga kwa ajili ya wajukuu, na nusura majuto yaje kabla yao, kwa thamani ya ndoo 15 za maji tulizozionea uchungu. Kila mmoja wetu na achuchumae uani kwake leo, atazame kisima, pipa, shimo la taka, na kila kinachong'aa. Kizuri tunachokiweka mbele ya macho ya watoto ni mwaliko, tumeutamka au hatukuutamka, na aliyealika ndiye mwenyeji.

Mtoto yule sasa huja kwetu kila Jumamosi pamoja na wenziwe. Huingia kwa mlango, akiwa ameshikwa mkono.