Wiki ya Mwisho ya Likizo

Likizo ya Agosti ni fupi, na huku kwetu huja mvua ingali inanyesha. Ukishuka kwa matatu kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma, mahindi yamesimama pande zote mbili za barabara. Mtoto wa mjini na aketi jikoni kwa nyanya yake. Avunje hindi mwenyewe shambani, aambue maganda, aligeuze juu ya makaa mpaka punje zianze kupasuka, alile likiwa bado linamchoma vidole.

Miaka inayogawika kwa mbili, kama 2024, Agosti ya Bungoma huwa na mengi zaidi, maana ndio msimu wa tohara ya Wabukusu. Vijana huzunguka kwa wajomba na mashangazi wakigonga njuga zao, chinyimba, kuwaalika. Hapo ndipo mtoto hujua ukoo wake ulivyotapakaa, na nani ni nani kwa baba yake.

Wazazi wenzangu, tusiwakatize haya kwa ajili ya masomo ya ziada. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Sanduku la bweni hupangwa jioni moja tu. Karo ya muhula wa tatu tutaihangaikia Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na binamu zao wa Kimilili wanafika mchana.