Umefika wapi?

Jioni moja ya mwezi Julai nilikuwa nimeketi kando ya dereva, kwenye matatu ya abiria 14 iliyotoka Nakuru kuja Eldoret. Tulipofika Timboroa ukungu ulikuwa umetanda, taa zetu zikawa hazimuliki mbali. Simu ya dereva ikalia. Kwenye kioo niliona jina: Mama Watoto. Akaipokea na kuibana sikioni. Mke alikuwa akiuliza lile ambalo sote huuliza: "Umefika wapi?"

Kabla hajamaliza kujibu, magurudumu yakakanyaga matawi. Kila msafiri wa barabara hii anajua maana ya matawi yaliyotandazwa lamini: mbele kuna lori lililoharibika. Dereva hakuyaona. Aliligutukia lori lenyewe, akakata usukani, tukalipita kwa upana wa kiganja. Watu wakamtaja Mungu, gari likaendelea, na hakuna aliyemwambia dereva neno. Hata mimi nilinyamaza. Kimya kile kinaniuma mpaka leo.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo matatu haziruhusiwi kuipita, hula mita 22 kila sekunde. Utazame simu kwa sekunde tatu tu, umeshakwenda mita 66 kama kipofu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali takriban mara nne kuliko asiyetumia, na kwamba vifaa vya kuzungumza bila kushika simu havimwokoi sana. Macho hubaki barabarani, lakini akili imeshatangulia nyumbani.

Mbona basi mazungumzo ya dereva na abiria aliye kando yake hayana hatari kubwa hivyo? Kwa sababu abiria anaona. Kona kali ikija, hukatiza maneno mwenyewe. Anayepiga simu haoni kitu. Haoni ukungu, haoni matawi, wala haoni wanariadha wetu wanaokimbia kandokando ya barabara alfajiri kabla jua halijachomoza. Yeye huendelea kuuliza tu.

Sheria ya Kenya inamtoza dereva faini ya Sh2,000 akitumia simu gari likiwa mwendoni. Aliyempigia hatozwi chochote, ilhali wawili hao wanashikilia usukani mmoja. Tunapiga kwa upendo, najua. Chakula kiko mezani, watoto wanauliza, moyo hautulii. Lakini upendo usiovumilia nusu saa unaweza kumwita mtu nyumbani asifike.

Tangu jioni ile nimejiwekea masharti mawili. Nikiwa abiria, namwambia dereva kwa heshima aweke simu chini au aegeshe kwanza. Mara nyingi wenzangu huniunga mkono, kana kwamba walikuwa wakimngoja wa kuanza. Nikimpigia mtu, swali langu la kwanza ni, "Unaendesha?" Akisema ndiyo, nakata.

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa akija na gari lake kutoka Nakuru. Saa mbili usiku ikapita. Nikapasha chai mara ya pili, nikaitazama simu mezani, nikaiacha palepale. Saa tatu kasoro robo nikasikia lango likifunguliwa. Aliingia akitetemeka kwa baridi, akasema kule Timboroa kulikuwa na ukungu mzito. Nikammiminia chai.