Elimu ya Nafsi na Haki za Wanaojaribiwa

Kijana mmoja wa Jumuiya, asomaye elimu ya nafsi (saikolojia) katika chuo kikuu, ametuletea swali ambalo hatukuona vema kulijibu kwa barua peke yake, maana linawahusu wengi. Anasema kwamba ametakiwa kufanya jaribio juu ya watu, na mwalimu wake amemwagiza awaambie kuwa jaribio hilo linahusu jambo fulani, hali kwa kweli linahusu jambo jingine kabisa. Kwani wakijua linalotafutwa hawataonyesha tabia yao halisi. Anauliza: Je, uongo wa namna hii ni uongo mbele ya Mwenyezi Mungu? Tena anauliza juu ya wanyama wanaofungiwa katika vyumba vya majaribio: Je, Islam inasema nini?

Ndugu msomaji, usidhani swali hili ni la wasomi tu. Watafiti hubisha hodi vijijini na mashuleni wakiwa na karatasi za kutiwa sahihi, na huenda karatasi ya kesho ikamhusu mtoto wako.

Kwanza ieleweke kwamba Islam haina ugomvi na elimu. Kurani Tukufu inamwita mwanadamu atazame ardhi, na aitazame nafsi yake mwenyewe, kwani humo pia mna ishara (51:21-22). Naye Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alieleza kwamba hali za asili za mwanadamu hazistahili kuitwa akhlaki mpaka zitawaliwe na akili na kutumika mahali pake na wakati wake. Hamu ya kujua nayo ni hali ya asili. Mtoto mdogo hufungua saa ya baba yake ili aone ndani mnalia nini, wala hatumsifu kwa hilo. Basi mtafiti naye hasifiwi kwa sababu tu alitaka kujua. Ataulizwa alifungua nini, na kilikuwa cha nani.

Sasa tulitazame jaribio moja ambalo limesimuliwa duniani pote. Mwaka 1961 Stanley Milgram, wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alitangaza gazetini kwamba anatafuta watu wa kushiriki katika uchunguzi wa kumbukumbu na kujifunza. Malipo yalikuwa dola 4 na senti 50 za nauli. Kila aliyefika aliketishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 mpaka volti 450, akaambiwa kwamba katika chumba cha pili yumo mtu anayejifunza maneno, na kila akikosea apigwe na umeme, na kila kosa nguvu izidishwe. Umeme haukuwako. Yule wa chumba cha pili alikuwa mwigizaji tu. Lakini mwenye kubonyeza swichi hakujua hayo. Alisikia ukuta ukigongwa kwa maumivu, kisha akasikia kimya. Akimgeukia msimamizi aliyevaa koti la maabara, aliambiwa kwa sauti baridi kwamba jaribio lataka aendelee.

Katika watu 40 wa jaribio la kwanza lililotangazwa mwaka 1963, watu 26 walifika volti 450. Nao hawakuwa majambazi. Walikuwa makarani, mafundi, walimu na wenye biashara. Walitokwa na jasho, walitetemeka, wakashikwa na kigugumizi, wakajiuma midomo. Watatu walipatwa na kifafa cha hofu. Hata hivyo wengi wao waliendelea kubonyeza.

Wako wasemao kwamba elimu hii ilistahili gharama yake, kwa sababu ilimwonyesha mwanadamu jinsi anavyoweza kuwa mkatili kwa kutii tu. Hatukatai kwamba ni elimu kubwa. Lakini Mwislamu aliyesoma Hadithi hakuihitaji ili ajue hivyo. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alituma kikosi chini ya amiri mmoja, akawaamuru wamtii. Siku moja amiri huyo alikasirika, akaagiza wakusanye kuni, wakoke moto, kisha waingie ndani yake. Wakakusanya, wakawasha, wakasimama wakitazamana, wengine wakisema kwamba wao walimkimbilia Mtume s.a.w. ili waepukane na Moto, sasa waingieje? Wakiwa katika hali hiyo moto ukazimika na hasira ya amiri ikapoa. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w. alisema kwamba lau wangeuingia wasingetoka tena kabisa, na kwamba utii ni katika mema tu. Tazama vizuri, ndugu yangu: kuni walikusanya, moto waliwasha. Walifika swichi ya ishirini na tisa, kwa namna ya kusema. Walichonusurika nacho ni kuulizana.

Turudi kwa wale 40, maana ndio wenye haki hapa. Waliambiwa uongo, kisha wakapelekwa nyumbani wakiwa na habari mpya juu ya nafsi zao ambayo hawakuiomba. Mwaka 1964 mwanasaikolojia mwenzake, bibi Diana Baumrind, aliandika kumlaumu Milgram kwa jambo hilo hasa. Milgram alijibu kwamba alipowauliza baadaye washiriki wa majaribio yake, karibu asilimia 84 walisema wamefurahi kushiriki. Huenda ni kweli. Lakini mtu akikuchukulia ng'ombe bila idhini, kisha ukamsamehe, msamaha wako haugeuki kuwa idhini ya jana.

Juu ya uongo wenyewe, Hadithi iliyomo katika Abu Dawud yatosha. Abdullah bin Amir anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita, akimwahidi kumpa kitu, na Mtume s.a.w. alikuwa ameketi nyumbani mwao. Akamwuliza mama alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Mtume s.a.w. akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja. Ikiwa tende moja kwa mtoto inaandikwa, umeme wa volti 450 wa uongo utaachwaje?

Na tukitaja watoto, roho inauma zaidi. Mwaka 1920 John Watson, akisaidiwa na Rosalie Rayner, alichukua mtoto mchanga katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi hapo hapo ya kunyonyesha watoto. Mtoto alikuwa na umri wa miezi kumi na moja hivi. Wakampa panya mweupe, ambaye hakumwogopa, na kila alipomgusa waligonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake, mpaka akawa analia kwa kumwona panya tu. Kisha akamwogopa sungura, mbwa, na koti la manyoya. Mtoto aliondoka hospitalini bila hofu ile kuondolewa. Wasomi walikwisha pata walichokitaka.

Mwaka 1939 katika jimbo la Iowa, mayatima 22 walitumiwa kwa ajili ya shahada ya mwanafunzi mmoja chini ya Profesa Wendell Johnson. Baadhi yao, wenye kusema vizuri kabisa, waliambiwa mara kwa mara kuwa wana kigugumizi na kwamba afadhali wasiseme mpaka waweze kusema sawasawa. Wakaanza kuona haya, wakanyamaza. Chuo kikuu kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 serikali ya jimbo ilikubali kulipa dola 925,000. Kwa nini walichaguliwa mayatima? Kwa sababu hakuna baba ambaye angekuja kuuliza. Kila aliyesoma Kurani Tukufu anajua ni mara ngapi Mwenyezi Mungu amejiweka mahali pa baba huyo.

Kumtisha mtu ni kosa hata kwa mzaha. Masahaba walipokuwa safarini mmoja wao alilala, na mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo. Akazinduka kwa hofu. Mtume s.a.w. akasema kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Ni kamba tu, na hapakuwa na nia mbaya.

Sasa wanyama. Hapa baadhi ya ndugu zetu hutabasamu, wakisema kwamba Mwenyezi Mungu amewatiisha wanyama kwa ajili yetu. Ndiyo, amewatiisha. Twawapanda, twawachinja, twala nyama yao kwa kutaja jina Lake. Lakini Yeye huyo huyo amesema katika Sura Al-An'am kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa mbili ni umma mfano wetu (6:39), na Mtume s.a.w. akaamuru kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Ruhusa ya kuchinja imekuja pamoja na amri ya kunoa. Mwenye kuichukua ya kwanza na kuitupa ya pili amechukua mali isiyokuwa yake.

Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichukua watoto wa kima saa chache baada ya kuzaliwa, akawatenga na mama zao. Akawapa sanamu mbili za mama: moja ya waya mtupu, nyingine iliyofunikwa kitambaa laini. Hata chupa ya maziwa ilipowekwa kwenye ile ya waya, mtoto alinyonya haraka kisha akarudi kuikumbatia ile ya kitambaa. Habari hizi alizitangaza mwaka 1958, na ni haki kusema kwamba zilileta faida. Maana wakati huo walikuwako wataalamu waliowakataza wazazi kuwakumbatia na kuwabusu watoto wao. Mmoja wao, ajabu ya mambo, alikuwa yule yule Watson wa nyundo, katika kitabu chake cha mwaka 1928.

Lakini Harlow hakukomea hapo. Aliwafungia wengine peke yao kwa miezi mitatu, sita, hata kumi na miwili, bila kuona kiumbe cho chote. Walipotolewa walijikunyata, wakayumbayumba, wakajiuma wenyewe. Majike waliokuzwa hivyo walipozaa, wengine waliwatesa watoto wao, na baadhi waliwaua. Kisha akatengeneza chombo cha chuma chenye kuta za mteremko, ambacho kima akitiwa ndani hawezi kupanda kutoka, ili ionekane jinsi kukata tamaa kunavyoanza.

Katika Hadithi nyingine ya Abu Dawud, Abdullah bin Masud anasimulia kwamba walikuwa safarini wakamwona ndege mdogo na makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama akaja akipigapiga mbawa. Mtume s.a.w. alipofika aliuliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishiwe. Kwamba mama na mtoto wakitenganishwa huumia, jambo hilo lilijulikana jangwani kwa kumtazama ndege mmoja kwa muda mfupi.

Wenye elimu wenyewe wameona haja ya mipaka. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, baada ya unyama wa madaktari wa Hitler, zilianza kwa kusema kwamba ridhaa ya mtu ni ya lazima kabisa. Likafuata Azimio la Helsinki mwaka 1964 na Ripoti ya Belmont mwaka 1979. Kuhusu wanyama, William Russell na Rex Burch wa Uingereza walifundisha mwaka 1959 kwamba mnyama asitumiwe pakiwa na njia nyingine, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Tunawashukuru kwa hayo. Wala tusijivune, kwani nani asiyemwona punda wa mkokoteni katika miji yetu, mwenye kidonda mgongoni, akipigwa pale pale penye kidonda na mtu atokaye msikitini?

Basi jibu letu kwa kijana ni hili. Sharti la nne la Baiati aliyoifanya linamfunga asiviudhi viumbe vya Mwenyezi Mungu kwa ulimi, mkono wala njia yo yote. Maabara haikuachwa nje ya sharti hilo. Asiseme uongo. Lakini kusema uongo ni jambo moja, na kunyamaza kwa ruhusa ni jambo jingine. Anaweza kumwambia mtu waziwazi: yako mambo sitakueleza sasa, nitakueleza yote mwisho, hakuna litakalokuumiza, na waweza kuondoka dakika yo yote, je, waridhika? Akikubali, amekubali akijua kwamba kuna pazia. Kwa mtoto, amwulize mzazi na mtoto mwenyewe pia, na kilio cha mtoto kihesabiwe kuwa ni kukataa. Mnyama hana sahihi ya kutia. Kwa hiyo mtafiti ndiye wakili wake, na wakili huyo ataulizwa.

Mwalimu wake akikataa, na amwendee kwa adabu kuomba mada nyingine. Huenda akachelewa muhula mmoja. Atuandikie, nasi tutamwombea.