Haki Haingoji Orodha

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo inafaa karamuni, ambako mchelewaji hukuta sinia tupu. Je, inafaa katika haki?

Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mkaazi aliyetimiza miaka 70. Malipo ya namna hii hayaendi bila ya orodha, na orodha siku hizi huwekwa katika kompyuta. Mara nyingi kompyuta, ili isirejee kwenye daftari kuu kila inapoulizwa, hujiwekea nakala karibu na dirisha la kulipia. Nyuma ya pazia huwapo programu nyengine zinazofanya kazi kimya kimya: hii inaingiza waliotimiza umri, ile inafuta waliofariki. Daftari kuu limebadilika. Nakala ya dirishani haina habari.

Mafundi wana dawa mbili. Ya kwanza ni kuipa nakala muda wa kuishi, ukimalizika itupwe na ichukuliwe mpya. Ya pili ni kumlazimisha kila anayebadilisha daftari apeleke taarifa dirishani papo hapo. Dawa ya kwanza huvumilia kosa kwa muda. Ya pili hushindwa taarifa ikipotea njiani. Pengo hupungua, lakini haliishi. Hapo ufundi hufika ukingoni, na swali huwa la uadilifu: mzigo wa pengo hilo ni wa nani?

Tutazame eda. Mume amefia Maskati, na tanzia imefika Unguja baada ya miezi miwili. Wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi, husema miezi minne na siku kumi za mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Jambo lilikuwa kweli kabla hatujalijua.

Basi mzee wa Makunduchi aliyestahiki Januari, jina lake likaonekana dirishani Machi, haki yake ni ya tangu Januari. Kumwambia "kompyuta haikutambui" si jibu. Kanuni hii hukata kuwili: jamaa waliopokea fedha za marehemu kwa sababu jina lake halijafutwa, nao wana deni tangu siku ya maziko.

Nakala iliwekwa kwa ajili ya wepesi wa mlipaji. Ikichakaa, hasara ni yake mlipaji, si ya mzee aliyesimama juani.