Majina Mungu Anayo



Vijana wenzangu, tarehe 29 Aprili 2009 nilikuwa darasa la tatu, Mbagala. Ghala la mabomu katika kambi ya jeshi lililipuka, watu zaidi ya 20 wakafariki. Tulikimbia bila hata ndala. Tuliporudi, kulikuwa bado na mabomu ambayo hayajalipuka. Wakaja wanajeshi kuyaondoa. Mmoja akatuambia, "Nyie watoto, kaeni mbali kabisa." Halafu yeye akasogea kule kule alikotukataza. Sikumuuliza jina.

Namkumbuka kila Desemba. Tarehe 7 Desemba 2017, mkesha wa sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, waasi wanaodhaniwa kuwa wa ADF walivamia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Beni, mashariki mwa Kongo. Wanajeshi wetu 15 walipoteza maisha. Hawakwenda kuteka nchi ya mtu. Walikwenda kuwalinda raia waliokuwa wakiuawa vijijini mwao.

Mimi nilifanya nini? Niliweka status: mshumaa na bendera. Baada ya saa 24 ikafutika, nami nikasahau.

Mwaka jana, mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye mwanae yuko jeshini, aliomba tuwatolee Misa wale wa Semuliki. Nikajifanya mjuaji: "Mama, tutawaombeaje na majina yao hatuyajui?" Akaniangalia. "Mwanangu, majina Mungu anayo. Wewe leta mia tano yako ya Misa."

Watu wakacheka. Mimi niliona aibu.

Usiku nikafungua 2 Wamakabayo 12:38-45. Yuda Makabayo anakwenda kuzika askari wake, anakuta wamevaa vitu vya sanamu ndani ya nguo. Angeweza kusema, shauri yao. Badala yake anasali, anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao, kwa sababu anaamini ufufuko.

Nikaelewa. Hatuwaombei marehemu kwa sababu walikuwa malaika. Tunawaombea kwa sababu ni wetu, na kwa sababu kaburi si mwisho wao. Kumwita mtu shujaa ni rahisi, hata bando halishtuki. Lakini shujaa naye ni mwenye dhambi kama mimi, anahitaji huruma ya Mungu, na mama yake anahitaji mtu wa kumpigia hodi.

Basi wiki hii tufanye mawili tu. Sali tendo moja la rozari kwa ajili ya askari waliofia mbali na nyumbani. Kisha, kama mtaani kwako kuna mama au mjane wa askari, nenda kamsalimie. Usiende na hotuba. Kaa naye, na kama kuna ndoo ya maji, mbebee.

Ee Bwana, uliyelala kaburini, wapokee waliosogea pale sisi tulipokimbia. Utufundishe kuwapenda zaidi ya siku moja. Amina.