Wape Kesi

Mhadhiri anayewakaririsha wanafunzi vifungu vya sheria ya kimataifa anawanyima utamu wa somo lenyewe. Awape kesi. Awape ile ya Somalia dhidi ya Kenya kuhusu mpaka wa baharini, iliyofunguliwa katika mahakama ya kimataifa huko The Hague mwaka 2014, pamoja na ramani ya pwani, penseli na Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Kundi moja litetee mpaka unaofuata latitudo, kama Kenya ilivyodai. Jingine litetee mstari wa katikati wa Somalia. Kisha wabadilishane pande, maana hapo ndipo akili hufunguka. Hukumu ya Oktoba 2021 waisome mwisho kabisa, waone majaji walivyokataa kwamba Somalia iliridhia mpaka wa latitudo kwa kunyamaza, lakini wakausogeza mstari wa katikati kaskazini kidogo kwa kuwa Kenya imebanwa kati ya Somalia na Tanzania.