Dhamana ya Fundi katika Kazi Isiyoonekana

Katika kata ya Mwamapalala, wilayani Itilima, mkoa wa Simiyu, ambako pikipiki hubeba abiria, wagonjwa na mazao kati ya vijiji na mji wa Bariadi, usalama wa watu wengi hutegemea vipande vidogo vya mpira ambavyo hawajapata kuviona. Kimojawapo ni oringi ya bakuli la kabureta. Kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla mchanganyiko huo haujaingia katika injini, na bakuli lake, lililofungwa upande wa chini, hutunza akiba ndogo ya petroli ambayo kiwango chake hudhibitiwa na boya: petroli ikipanda, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano izibe njia. Oringi, yaani pete ya mpira inayolala katika kijifereji kati ya bakuli na kabureta, huzuia petroli isipenye hapo. Ikikakamaa, ikibapa au ikipasuka, petroli huvuja. Ndipo linapozuka swali la kimaadili: fundi anawajibika kwa nani katika kazi ambayo mteja hawezi kuikagua.

Uzito wa swali hili uko katika kufichika kwa kazi yenyewe. Bakuli likishafungwa, oringi mpya na ile kuukuu iliyogeuzwa tu hazitofautishiki kwa macho, na hata kipande kilichokatwa kwenye tyubu ya tairi huweza kuzuia uvujaji kwa muda, ingawa mpira wa namna hiyo hufura ukilowa petroli na kupoteza umbo lake. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alisimulia habari za pete ya Gyges, iliyomfanya mvaaji asionekane, ili kuuliza kama mtu angetenda haki iwapo hakuna wa kumwona. Katika kitabu hichohicho Sokrate anatenganisha ujuzi na ujira: daktari, kwa udaktari wake, hutafuta afya ya mgonjwa, na kupokea malipo ni jambo jingine linaloambatana na kazi hiyo. Kwa mantiki hiyo, fundi anayefunga bakuli huku akijua litavuja tena amepokea ujira, lakini ufundi hakuufanya.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilijadili suala hili chini ya mada ya dhamana ya mafundi, yaani wajibu wa fundi kulipa mali ya mteja inapoharibika mikononi mwake. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwawajibisha mafundi kwa kuwa mambo ya watu yasingetengemaa bila hivyo. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake yanafuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, alielekea, kwa maelezo ya mwanafunzi wake Rabii, kwenye rai kwamba fundi halipi isipokuwa kile alichokiharibu kwa mkono wake, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuchelea mali za watu zisipotee. Tahadhari hiyo ina fundisho kubwa: sheria hukaza pale ambapo dhamiri haiwezi kukaguliwa, na mahali ambapo sheria haifiki, hakuna mlinzi mwingine ila dhamiri.

Katika Biblia, Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinaongeza kigezo cha kuijua hatari, kwa hukumu ambayo wafugaji wa Usukumani wataielewa upesi. Ng'ombe akimuua mtu kwa pembe bila kuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na mazoea ya kupiga, na mwenyewe alionywa lakini hakumzuia, hatia ni yake. Fundi aliyenusa petroli na kuona bakuli limelowa ameshaonywa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutanda chini karibu na injini na bomba la moshi lenye joto, na cheche moja hutosha kuuwasha. Atakayeungua huenda akawa abiria ambaye hakuwapo bei ilipokuwa ikipatanwa.

Hoja ya umaskini inastahili jibu la heshima, kwa maana mwenye pikipiki mara nyingi hana fedha ya spea, na pikipiki ikilala, nyumbani hapapikwi. Hata hivyo, kusema kweli ni sehemu ya matengenezo isiyohitaji spea. Fundi anaweza kufunga koki ya petroli, kumwaga petroli iliyomo katika bakuli, kusafisha kijifereji, kukaza skrubu kwa kupokezana pembe, kisha kufungua koki na kusubiri aone kama panavuja. Anaweza pia kubaini kwamba petroli inayotoka kwenye mpira wa kumwagia mara nyingi hutokana na boya au sindano, wala si kosa la oringi. Akiishia njiani kwa kukosa spea, na aseme hivyo. Lakini hata mwenye pikipiki akikubali kuendelea hivyo, ridhaa yake haimfungi abiria, na kwa hiyo pikipiki inayoendelea kuvuja haifai kupakia mtu.

Wajibu huu haumwelemei fundi peke yake. Mteja anayelazimisha bei isiyofikia hata gharama ya oringi humsukuma fundi kwenye udanganyifu, naye ana fungu lake katika hatia. Basi kila mwenye pikipiki na aombe kuonyeshwa oringi iliyotolewa, alipe bei ya haki ya ile mpya, na asipakie abiria kabla hajahakikisha kwamba bakuli ni kavu.